Fomu ya Chatu

Kuchapa ukurasa mmoja, mia tano.
Kurudufu, mia.
Bei iko ukutani, nimeiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu,
na mteja wa kwanza Jumatatu ile
alikuwa mzee Lushinge, Myeye, mcheza na nyoka,
ameshuka kutoka mawe ya Mabatini
na karatasi ya Serikali ameikunja mara nne
kama mtu aliyefungiwa dawa.

"Nisomee," akasema. "Polepole. Mimi na karatasi hatujazoeana."

Nikasoma.
Kwamba mnyamapori ni mali ya umma.
Kwamba kumfuga ni kwa kibali,
na kumfuga si kumuuza,
na kumuuza kuna dirisha lake, na ada yake, na siku zake.
Kwamba asiye na kibali ana kosa
hata kama nyoka mwenyewe hajalalamika.

Hilo la mwisho niliongeza mimi.
Alicheka kwa pua.

Kisha akauliza, macho yako barabarani:
"Mwaka ule alipommeza mbuzi wa Mama Holo
tulikwenda ofisini. Wakasema poleni, huyo ni wa porini.
Akiwa na mbuzi tumboni, alikuwa wa Mungu.
Kaingia kapuni mwangu, amekuwa wa Serikali?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na visanduku.

Jina la mnyama.
"Kulwa."
Nikamwambia wanataka la kitaalamu, ila vidole vilishaandika.
"Na Doto yuko wapi?"
"Doto ndiye mimi."

Urefu.
Akasimama, akapima kwa mikono
kutoka mlangoni hadi mashine ya kurudufu,
akakata kona, akaishia kwenye kiti changu.

Uzito.
"Andika: mwepesi kuliko deni."

Madhumuni ya kufuga, weka alama moja:
maonyesho, utafiti, biashara, bustani.

"Ipi ni ya mavuno?" akauliza.
"Ipi ni ya baba kukuchanja mkono, kukupaka lukago,
kukwambia huyu humpigi, unamsikiliza?"
Nikatafuta "mengineyo".
Haikuwepo.

Kuna kijana wa Kirumba, mwenye simu mbili,
alikuwa amempa siku tatu. Laki nne taslimu.
Kulwa angesafiri kwenye boksi, sangara juu yake,
hadi huko wanakomweka mtu wa mawe ndani ya kioo,
sebuleni, chini ya taa isiyozimwa.
Kijana hakuwa na fomu.
"Wa njia ya panya anakuja na pesa," alisema Lushinge,
"wa njia ya sheria anakuja na maswali.
Nikaona heri maswali."

Afisa Ghati alipanda kumkagua. Mama mpole.
Alisimama mbali, akaomba kapu lifunguliwe nusu,
akaandika nusu aliyoiona.

Ngoma za mwaka ule Lushinge alicheza na kapu tupu.
Wenzake wa upande wa pili walimzomea,
watoto walichungulia ndani, wakarudisha vichwa vyao.
Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amepanda peke yake
hadi kwenye ule ufa wa jiwe, ziwa liko chini limelala,
akainamisha mdomo wa kapu.
"Hakuaga," aliniambia. "Na mimi sikuaga."

Jibu lilikuja Novemba, lina mhuri:
maombi yamerudishwa,
kipengele cha saba hakijajazwa.

Nilikuwa namdai mia tano.
Alinilipa kwa bahasha, nyepesi, akaondoka bila kungoja chenji.
Ndani yake gamba, zima, tangu puani hadi mkiani,
limekunjwa mara nyingi kuliko ile karatasi,
na mahali pa macho pana vioo viwili vidogo.

Liko kwenye droo, kati ya karatasi za kaboni.
Nimeisoma sheria upya, sasa kwa ajili yangu:
ngozi, yai, jino, sehemu yoyote ile.
Kila nikivuta droo linachakarika
kana kwamba kuna mtu ndani anageuza ukurasa.

Jioni nimefunga duka, nikaweka karatasi kwenye mashine.
Jina la mwombaji, nimeandika langu.
Jina la mnyama, Kulwa.
Urefu, nimeukumbuka: mlango, mashine, kona, kiti.

Hapo kwenye saba nimesimama.
Taa za Igogo zinawaka moja moja,
na wino unakauka.